Matone Mawili ya Mafuta

"Kuna mtu anamsumbua Vifungo," alisema Fundi kabla hata hajavua viatu. "Nipeni mpaka Jumamosi. Nitamjua."

Ilikuwa Jumanne jioni. Dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, alikuwa anachagua mchele mlangoni. Binti wa Fundi alikuwa ametoka kazini kwenye duka la dawa, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji, kwa kuwa mwenye duka lile aliamini kwamba muuzaji akikaa, dawa nazo zinalala.

"Anamsumbuaje?" akauliza Binti.

"Hajasema. Mpiga Pasi ndiye aliyeninong'oneza. Vifungo ameaga. Jumamosi anahamisha cherehani chake, anakwenda kushonea nyumbani, chumba kisicho hata na dirisha. Nikamuuliza Mpiga Pasi kisa nini. Akasema kuna mwanamume hamwachi apumue. Nikamuuliza nani. Akainama akaanza kunyoosha kola ambayo alishainyoosha."

"Maskini," alisema Shangazi. "Na ulikuwa unitume mwisho wa mwezi nikakuposee."

"Ndiyo maana nasema Jumamosi. Akishahama, nitampata wapi?"

Fundi alikuwa fundi wa vyerehani. Mtaani walisema, naye hakuwahi kukanusha, kwamba aliwahi kutibu cherehani kwa simu: alimwambia mshonaji aisogeze simu karibu na sindano, akasikiliza, akasema, "Kuna uzi mwekundu umenasa chini ya bobini." Wakafungua, wakaukuta uzi, na kweli ulikuwa mwekundu. Vyerehani kumi na viwili vya karakana ya ushonaji iliyoko nyuma ya soko vilikuwa chini ya mkono wake, na ndivyo vilivyoiendesha nyumba yake. Cha kumi na mbili, kile cha dirishani, kilikuwa cha Vifungo. Jina hilo alipewa kwa sababu matundu yake ya vifungo yalikuwa sawasawa hata ukiyapima kwa jicho la mbu. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, hana mume, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema anamtafuta. Fundi alifiwa na mkewe miaka sita nyuma. Hesabu hiyo yeye aliiona rahisi sana.

Akafungua daftari lake la kazi. Lilikuwa na safu mbili: Dalili, na Ugonjwa.

"Wewe mwanangu una mmoja pale dukani. Yule mnayemwita Bwana Kikohozi. Hebu nieleze watu wa aina hiyo wanavyokuwa, nipate pa kuanzia."

Binti alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa habari za jino bovu.

"Kwanza hakohoi. Ananunua pipi ya kikohozi moja, anaondoka, baada ya saa anarudi kununua nyingine. Mtu mwenye shida huja na shida yake, akishapata anakwenda zake. Huyu shida yake ni kuwa pale."

*Huja bila kazi*, aliandika Fundi kwenye safu ya Dalili.

"Halafu ananiambia nimependeza. Nikinyamaza, 'Mbona umeninunia?' Nikitabasamu, 'Leo umenifurahia.' Sasa Baba, huu uso niuweke wapi?"

Hilo Fundi hakuliandika. Hakujua liingie safu ipi.

"Na huleta vitu. Juzi kaleta chungwa. Nikamwambia sitaki, akaliacha juu ya kaunta. Jana anauliza, 'Chungwa lilikuwa tamu?'"

"Mshenzi!" Fundi akaligonga daftari. "Kesho nakuja hapo dukani."

"Usije. Ukija ukafoka, atakayefukuzwa ni mimi. Yeye ni mteja." Binti akatoa mguu mmoja majini, akautazama. "Baba, leo ulikwenda karakana kufanya nini?"

"Kukitia mafuta cherehani cha Vifungo."

"Na jana?"

"Kukitia mafuta."

"Na Jumamosi iliyopita?"

"Ndugu yangu," Shangazi akaingilia, "hicho ni cherehani au taa ya chemli?"

"Kinakunywa," alisema Fundi, na alisema bila mzaha.

Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akaurudisha mguu ndani ya beseni. Shangazi aliokota jiwe katika mchele, akalitupa nje.

"Mwacheni. Mwanamke hasemi ndiyo siku ya kwanza. Mimi mume wangu, shemeji yake huyu, nilimkataa mara tatu."

"Umesikia hayo?" Fundi akamwambia bintiye. Akalifunga daftari, ameridhika.

Jumatano saa tatu asubuhi Fundi alikuwa karakana. Alipokanyaga kizingiti, mazungumzo yalikatika kama uzi. Yeye alidhani ni heshima.

Karakana ilikuwa chumba kirefu, vyerehani sita upande huu na sita upande ule, na mwishoni meza ya Mpiga Pasi iliyotoa mvuke kutwa nzima. Msimamizi, Mama Tepu, hakuwahi kuonekana bila utepe wa kupimia shingoni. Ilisemekana alilala nao. Dirisha lilikuwa moja tu, na chini yake alikaa Vifungo, akishona mashati meupe ya shule. Pembeni yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikuwa ameweka mkoba wake.

Fundi aliuchukua ule mkoba, akauweka sakafuni taratibu, kwa adabu zote, akakaa.

"Habari ya asubuhi, Vifungo."

"Nzuri, Fundi."

"Leo umependeza."

Vifungo akavuta shati jingine. "Nina mashati arobaini ya kumaliza, Fundi."

"Mbona kama umenuna?"

"Nahesabu."

Fundi alisogeza kigoda. Vifungo akasogeza kiti. Cherehani cha jirani yao, mama mmoja mwembamba aliyeshona zipu, kilikwenda haraka ghafla bila kushona kitu.

"Nimesikia habari," Fundi alishusha sauti mpaka wakamsikia wote. "Kuna mtu anakukera. Usiogope. Nitajie jina tu."

Mikono ya Vifungo ilisimama. Alimtazama Fundi usoni, labda kwa mara ya kwanza mwezi ule, kama mtu anayetafuta kama anafanyiwa dhihaka. Hakuiona. Hilo likamtisha zaidi.

"Siogopi," alisema. "Nina mashati."

"Nikimkamata huyo mtu, nitamng'oa meno moja moja, na hili la mbele nitalifanya kifungo."

Mwisho wa chumba palisikika sauti kama ya paka aliyekanyagwa. Mpiga Pasi alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yanamcheza, na shati chini ya pasi lilikuwa linatoa moshi.

"Unaunguza!" Mama Tepu akapiga kelele. "We mwanamume, kola hiyo!"

Fundi alimtazama Mpiga Pasi kwa makini. Mtu anayetajiwa mshtakiwa akaunguza kola, huyo ana lake jambo. Akalitoa daftari, akaandika: *Mpiga Pasi. Achunguzwe.* Kisha akatoa kopo la mafuta mfukoni.

"Umekitia jana," alisema Vifungo.

"Haidhuru. Naongeza."

"Fundi, jana na juzi."

"Cherehani chako hiki nakitunza kama jicho," alisema Fundi, akabonyeza kopo. Mafuta yaliingia katika kila tundu, mpaka yakatokea pale juu ya sindano, tone moja zito, linang'aa. Vifungo aliwahi kulivuta shati, akalikinga tone kwa kitambaa. Alikuwa na vitambaa vingi sana siku hizo. Vilikuwa chini ya kichwa cha cherehani, pembeni ya kanyagio, mapajani. Fundi aliviona vyote. Akafikiri, mwanamke msafi huyu.

Alikaa pale mpaka walipofunga.

Alhamisi alipofika, meza ya dirishani ilikuwa na miguu yake na kanyagio lake, lakini kichwa cha cherehani hakipo. Palibaki tundu la mraba, na mkanda unaning'inia.

"Amehama?" Fundi aliuliza, na sauti yake haikuwa yake.

Mama Tepu alijishughulisha na kupima jora la kitambaa ambalo lilikwisha kupimwa.

Akangoja. Saa tano na nusu Vifungo aliingia. Alikuwa amekifunga kile kichwa cha chuma kwa shuka na kukibeba mgongoni, kichwa kizito ambacho wanaume wawili wangeking'ang'ania kila mmoja upande wake. Jasho lilikuwa limemchora ramani. Fundi aliruka kumpokea, akalishika fundo la shuka begani kwake.

"Niache."

Hakulisema kwa nguvu. Lakini vyerehani vyote kumi na kimoja vilinyamaza. Fundi akaachia. Vifungo alikitua kichwa mezani peke yake, akapumua, akaanza kukifunga mahali pake.

Fundi alitazama. Jicho lake likaenda kwenye parafujo ya bamba la sindano, likaganda. Kichwa cha parafujo kilikuwa kimechunwa, alama ya bisibisi isiyolingana.

"Nani kakishika hiki?"

"Fundi wa mlimani."

"Yule?" Fundi alicheka kwa uchungu. "Yule asiyejua bobini na kizibo? Umepanda kilima chote kile na chuma mgongoni, kwenda kwa yule! Kimepatwa na nini?"

"Kimejaa mafuta. Alikikausha." Vifungo alivuta kutoka chini ya meza mfuko wa plastiki, akatoa vilivyokuwamo, kimoja kimoja, bila kumtazama. Yalikuwa mashati meupe, saba. Kila moja lilikuwa na doa la manjano kifuani, mahali ambapo mtoto angebandikwa nembo ya shule yake. "Haya nimerudia kuyashona. Vitambaa nimenunua mimi."

"Lakini mimi niko hapa kila siku! Kwa nini hukuniita mimi nikikaushe?"

Vifungo alikuwa anatafuta mahali pa kuupitisha mkanda. Alipoupata, akasema, "Kwa sababu yeye akimaliza, huondoka."

Jioni ile Fundi hakula vizuri. Alilifungua daftari mezani, penseli sikioni, akayatazama maandishi yake kama mtu anayetazama mashine iliyokataa kuwaka.

"Nina wanaume wanne," alisema. "Mmoja wao ndiye. Lakini simwoni. Na Jumamosi ni keshokutwa."

"Soma," alisema Binti.

"Jumatano, saa tatu na robo, mleta nyuzi. Akaleta nyuzi, akaondoka. Saa nne, mwenye jengo. Akamfokea Mama Tepu juu ya bomba, akaondoka. Saa tano, mwenye suti. Akaijaribu, ikambana, akaondoka. Mpiga Pasi yupo kutwa, lakini hasogei mezani kwake. Nimemlinda vizuri."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Kigodani."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Mpaka?"

"Walipofunga."

Binti alinyoosha mkono, akalichukua daftari. Akarudi ukurasa wa nyuma, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. *Huja bila kazi.* Kisha akarudi mbele, akaweka kidole kwenye siku ya Jumatano. Shangazi, aliyekuwa anakunja nguo, aliacha kukunja.

Fundi alikitazama kidole kile. Kilitoka huku kikaenda kule, kikarudi, kama mguu wa cherehani.

"Hapana," alisema.

"Baba."

"Hapana. Mimi nina kazi pale! Mimi natia mafuta!"

"Bwana Kikohozi naye ananunua pipi."

"Ananichekea! Nikiingia tu, 'Karibu Fundi.' Masikio yangu haya yamesikia."

"Mimi namwambia Bwana Kikohozi 'karibu tena' mara nne kwa siku. Imebandikwa pale kaunta kwa herufi kubwa, usiposema unakatwa. Sasa wewe mwenye mkono wa vyerehani vyao vyote, wangekuambiaje? Rudi ulikotoka?"

Fundi alimgeukia dada yake, kama mtu anayetafuta ukuta. "Dada, mwambie. Wewe si ulimkataa shemeji mara tatu?"

Shangazi aliichukua ile nguo mapajani, akaikunja, akaikunjua tena. Kwa miaka thelathini alikuwa ameisimulia hadithi ile, kwenye harusi, kwenye foleni, kwa watu asiowajua, na kila mara watu walicheka mahali pale pale.

"Nilimkataa mara tatu," alisema. "Na mara zote tatu nilimaanisha."

"Lakini mara ya nne ulikubali."

"Mara ya nne nilichoka."

Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni, magurudumu yanalia. Kwa kawaida Fundi angesema gurudumu gani. Safari hii hakusema.

"Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu," Shangazi aliongeza. "Sisemi hakuwa mwema. Nasema umeniuliza."

Kisha Binti, ambaye tangu utotoni alikuwa akimshikia baba yake taa wakati wa kazi, akauliza kwa sauti ya siku zile:

"Baba, ukisikia kelele katika mashine na hujui inatoka wapi, unafanyaje?"

"Naondoa mkanda," Fundi alijibu bila kufikiri. "Kelele ikiendelea, ugonjwa uko ndani. Ikinyamaza, basi ni mkanda."

"Basi kesho jiondoe."

Ijumaa hakwenda karakana. Alikwenda nyuma ya karakana, kwenye kichochoro cha soko, akasimama kando ya ukuta wa duka la ndoo, mahali ambapo haonekani mpaka mtu atoe kichwa dirishani. Alijiambia amekuja kuthibitisha kwamba bintiye amekosea. Alikuwa na mkoba wake wa kazi begani, maana bila mkoba alijiona uchi.

Akafumba macho, akasikiliza.

Cha kwanza alichokisikia ni kicheko. Mama wa zipu alikuwa anasimulia habari ya mkwe wake na kuku, na karakana nzima ilikuwa inamdai amalizie. Fundi hakuwahi kujua kwamba mama yule ana sauti. Halafu akavisikia vyerehani. Alivitambua kimoja kimoja: hiki kina meno yaliyolika, kile bobini inacheza. Na kile cha dirishani. Kile alikisikiliza kwa mshangao. Kilikuwa kinakwenda. Kilianza juu ya bega la shati kikateremka mpaka pindo bila kusita, kikapumzika kidogo, kikaanza tena, mshono mrefu, laini, kama mtu anayesoma barua nzuri. Miezi yote aliyokaa kando yake, alikijua kama cherehani cha kushtukashtuka, kinashona hatua mbili kinasimama. Alidhani ni ugonjwa wake. Alikuwa ameutafuta ugonjwa ule kwa mafuta.

Akasogea hatua moja. Bisibisi ndani ya mkoba ikagonga koleo. *Kling'.*

Cherehani cha dirishani kilinyamaza. Cha zipu kikafuata. Kicheko kikaisha katikati ya kuku.

Fundi alirudi nyuma, taratibu, mpaka mwisho wa kichochoro. Akahesabu mpaka mia. Mmoja akasema kitu, mwingine akajibu, na mashine zikaanza tena, ya dirishani ikiwa ya mwisho.

Fundi mzuri hapimi mara moja. Ndivyo alivyowafundisha wengine, na mguu wake ulikwisha kuinuka kwenda mbele tena, mkono uko kwenye mkoba, tayari kuutikisa. Hapo ndipo alipojiona. Mzee wa miaka hamsini na sita, kichochoroni, anataka kumnyamazisha mwanamke mara ya pili ili ahakikishe kwamba ni yeye anayemnyamazisha.

Aliushusha mguu. Akaukumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga, ili usitoe sauti, akatembea hivyo mpaka barabara kubwa. Watu waliompita walidhani ameiba.

Jumamosi asubuhi, kabla karakana haijafunguliwa, alimpigia simu Mama Tepu. Shangazi na Binti walikuwa mezani, wanajifanya wanakunywa chai.

"Mama Tepu, nimemkamata."

"Umemkamata nani?"

"Yule mtu anayemsumbua Vifungo."

Binti aliweka kikombe chini.

"Ala," alisema Mama Tepu. "Na umemfanya nini?"

"Nimemwambia asikanyage tena hapo."

"Atasikia?"

"Si mwelewa sana. Lakini safari hii kasikia." Fundi akaupitisha ulimi kwenye meno ya mbele, yale aliyoahidi kuyafanya vifungo. "Vyerehani vyote kumi na viwili atavishika fundi wa mlimani. Nimekwisha kuzungumza naye. Nimemweleza tabia ya kila kimoja, na nimempa bisibisi zangu mbili, maana zake ni za kufungulia makopo. Mwambie Vifungo asihame. Dirisha lake ni lake."

"Nimwambie umesema pole?"

Fundi alifungua mdomo. Pole ile alikuwa ameipanga usiku kucha, ndefu, nzuri, ina mahali pa kushika moyo. Akaiona ilivyo: chungwa jingine juu ya kaunta.

"Usimbebeshe. Akiuliza, mwambie ndiyo. Asipouliza, basi."

Akakata simu. Shangazi alimsogezea kikombe. Vyerehani kumi na viwili vilikuwa vimeondoka, na wote watatu walijua maana yake. Mwezi uliofuata Fundi alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mashine mbovu, na mlango mmoja kati ya mitatu ulifungwa kabla hajamaliza salamu, maana karakana ile ilikuwa na midomo kumi na miwili na kila mmoja una majirani. Hakubishana. Aliposikia nyuma ya mlango cherehani kinachogonga, alijua ni nini, na alipita.

"Na huyu wako?" alimuuliza Binti siku moja. "Nifanye nini? Sisemi nije. Nauliza."

Binti hakuwa amewahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, na ilibidi afikiri.

"Ile saa ya mwisho ndiyo mbaya," alisema. "Yeye hunisubiri nje, pale kwenye benchi, anifuate mpaka kona. Ukae naye wewe. Umzungumzishe mpaka nishafika nyumbani. Wewe unaweza kuchosha watu, Baba. Una kipaji."

Basi Fundi alikwenda, akakaa benchi moja na Bwana Kikohozi, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi kwa bidii ya kusikitisha. Mfuko wake wa kifua ulikuwa umevimba kwa pipi ambazo hakuzila. Fundi alianza na historia ya bobini. Akapita kwenye aina za sindano. Binti alitoka dukani, akapita mbele yao bila kugeuka. Kijana akainuka nusu.

"Kaa, bado sijafika kwenye mkanda," alisema Fundi, na mkono wake ulikuwa mzito begani.

Akamsimulia habari ya mkanda. Akamsimulia kichochoro na mkoba, yote, hata mguu ulioinuka.

"Lakini huyu mimi ananichekea, mzee," alisema kijana. "Huniambia 'karibu tena'."

"Hata mimi niliambiwa 'karibu Fundi'. Unataka kujua? Usije siku kumi. Akija kukutafuta, nitakula hizo pipi zako zote na makaratasi yake."

Kijana alitazama barabara, Binti alikokuwa ameishia. Uso wake ulionyesha kwamba hajawahi kufikiri kama swali lile lina jibu. Baada ya kitambo alitoa pipi mbili mfukoni, akampa Fundi moja. Walizimumunya. Zilikuwa chungu.

"Hizi ndizo ulizokuwa unanunua?" aliuliza Fundi.

"Sijawahi kuzionja."

Siku kumi zile Bwana Kikohozi hakuonekana, wala zilizofuata. Fundi hakujua, na hakujua kamwe, kama kijana alielewa au alichoka tu na bobini.

Miezi minne ikapita. Mvua zikaja zikaondoka. Asubuhi moja Mpiga Pasi alisimama mlangoni kwa Fundi, ameinamia upande mmoja, na begani ana mzigo uliofungwa kwa shuka. Shuka lile Fundi alilijua.

"Kimevunjika kitu ndani," alisema Mpiga Pasi, akihema. "Yule wa mlimani kimemshinda. Amenituma mimi." Hakusema nani. "Mimi ndiye nitakayekirudisha. Na kuna karatasi hii."

Fundi alimkaribisha, akautua mzigo mezani, akaifungua karatasi. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka, umepangwa kama matundu ya vifungo.

*Kinakata uzi kila baada ya hatua kumi. Angalia ndoano. Mafuta matone mawili tu.*

Haikuwa na salamu wala jina. Fundi aliigeuza nyuma. Palikuwa patupu. Akaisoma tena, akaiweka chini ya kopo ili isipeperuke.

Shangazi alichungulia kutoka chumba cha pili. Binti, ambaye ilikuwa zamu yake ya mchana, alisimama na kiatu kimoja mkononi.

Ndoano, kile chuma kidogo kinachoudaka uzi chini ya sindano, ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kuliko unywele. Fundi aliweka nyingine, akaizungusha kwa mkono, akatega sikio, akazungusha tena. Ile parafujo iliyochunwa aliibadilisha, kwa kuwa haikuvumilika. Kisha akashika kopo la mafuta, akalielekeza kwenye tundu la juu, akabonyeza.

Tone la kwanza liliingia. Likafuata la pili.

La tatu lilijikusanya lenyewe kwenye ncha ya mdomo wa kopo, likavimba, likaning'inia juu ya chuma. Wote wanne walilitazama. Fundi akalitoa kwa kidole, akakifuta kwenye suruali, akafunga kopo.

"Kipeleke," alimwambia Mpiga Pasi. "Kimeisha."